Somi na jazi ya lugha nyingi: tumpime kwa mizani gani?

Somi alizaliwa Illinois, Marekani, kwa wazazi waliotoka Uganda na Rwanda, na sehemu ya utoto wake akaiishi Zambia. Anaimba jazi kwa Kiingereza na kwa lugha za Afrika. Mwimbaji wa namna hii akizungumzwa hapa Unguja, hakosi mtu wa kusema kwamba mwenye lugha nyingi hana kwao.

Neno hilo linashangaza likitoka Unguja. Taarab tuliipata Misri. Sultani Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alivuka bahari mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri, na Kiswahili chake ndicho kilichoitoa taarab kasri ikafika Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Tukishika mizani ya "hana kwao", muziki wetu wenyewe haupiti.

Hata hivyo wapinzani wana hoja moja ambayo siipuuzi, nayo ni ya kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha katikati ya wimbo. Mwimbaji akifika kwenye ubeti wenye fumbo, mwanamke aliyekaa kimya tangu mwanzo huinuka na noti mkononi, akapita taratibu mbele ya mke mwenziwe, akatunza kwenye mstari ule ule. Ukumbi mzima umeshaelewa. Hakuna aliyetajwa jina, kwa hiyo kesho hakuna wa kudai katukanwa. Hayo hayawezekani nusu ya ukumbi ikiwa inasubiri kufasiriwa. Jazi inamruhusu mwimbaji aliache neno achezee sauti. Taarab ikiliacha neno inabaki na fidla. (Fidla tamu, sikatai.)

Basi mwenye lugha nyingi hupata dunia, akamkosa mwanamke wa noti. Somi kamkosa? Kwa sehemu, naona. Albamu yake ya Holy Room iliingia kwenye wanaowania Grammy ya uimbaji wa jazi, na huko hakuna anayeulizwa kama kaelewa ubeti. Lakini The Lagos Music Salon ya 2014 inanifanya nisite, kwa sababu kabla ya kuitoa alihamia Lagos, akakaa kama mwaka na nusu. Petite Afrique ya 2017 nayo inawahusu wahamiaji wa Kiafrika wa Harlem na namna mtaa unavyowaponyoka. Mtu aliyekaa na watu hivyo huwezi kumwambia anaokota lugha njiani.

Kwa hiyo vijana wetu waliojifunza udi na gitaa la besi kwa pamoja wachanganye watakavyo. Ninachowadai ni beti kamili za Kiswahili, zenye vina na fumbo ndani yake. Kiitikio cha "karibu Zanzibar" kilichopachikwa kwa ajili ya wageni hakitoshi. Watunzi wapo. Pemba, nchi ya washairi wa kale Kamange na Sarahani, haijaishiwa mashairi. Bendi iwatafute, na iwalipe kama inavyomlipa mpiga gitaa.