Sarafu moja? Kwanza niambieni nani atalipa

Mwaka 2024 ulipoingia tu, picha za noti za "Sheafra", eti sarafu mpya ya pamoja ya Afrika Mashariki, zikazagaa mitandaoni hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ikalazimika kukanusha. Kufikia hapo watu walishaanza kubishana noti ibebe sura ya nani. Hapo ndipo ninapochoka. Sarafu moja ikitajwa tunajadili jina, picha na makao makuu ya benki. Ukiuliza nani atalipa nchi moja ikidondoka, kimya.

Vigezo tunavyo, tena vizuri. Itifaki ya sarafu ya pamoja iliyosainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013 inataka mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti (matumizi ya serikali yanayozidi mapato) pamoja na misaada isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato hilo kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi 4.5 ya kuagiza bidhaa. Vyote vishikiliwe miaka mitatu mfululizo. Lengo la kuanza sarafu lilikuwa 2024, sasa ni 2031. Haya.

Ugiriki nayo ilipita mlangoni. Iliingia kwenye euro Januari 2001 na karatasi safi. Mwaka 2004 takwimu zilipopitiwa upya ikaonekana nakisi ilikuwa juu ya asilimia 3 muda wote huo. Ya mwaka 2009 ikaja kuvuka 15. Na kabla hatujaicheka Ugiriki: Novemba 2003 Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimevunja sharti hilohilo, mawaziri wa fedha wakasimamisha hatua dhidi yao. Faini ni za wadogo.

Tatizo lenyewe kila mtu wa mtaani analijua, maana kila mtaa una wakala wa pesa za simu. Wakala anapokea na kutoa pesa, ila hachapishi hata senti. Floti ikiisha, anampigia wakala mkuu. Wakala mkuu akigoma, foleni inarudi nyumbani mikono mitupu. Nchi iliyo ndani ya sarafu ya pamoja ni wakala. Mwishoni mwa Juni 2015 Benki Kuu ya Ulaya ilikataa kuongeza kikomo cha mkopo wa dharura kwa benki za Ugiriki. Benki zikafungwa wiki tatu, na kwenye ATM mwananchi akaruhusiwa euro 60 kwa siku. Tarehe 5 Julai Wagiriki wakapiga kura, asilimia 61 wakakataa masharti ya wakopeshaji. Siku chache baadaye serikali yao ikakubali masharti makali. Kura ilikuwa yao, floti haikuwa yao.

Mwenye sarafu yake ana pa kupumulia. Shilingi ya Kenya ilitoka kama 123 kwa dola mwanzoni mwa 2023 ikafika karibu 160 Januari 2024. Mafuta yalipanda, watu waliumia, sikatai. Lakini chai ya mnada wa Mombasa huuzwa kwa dola, kwa hiyo dola ileile ilimrudishia muuzaji shilingi nyingi zaidi, bila kikao wala sheria mpya. Ukishaitoa sarafu, nafuu hiyo unaitafuta kwa kukata mishahara na pensheni, moja baada ya nyingine, ilhali deni liko palepale. Piga hesabu: deni la 100 juu ya pato la 100 ni asilimia 100. Pato likishuka hadi 75, deni limekuwa asilimia 133 na hujakopa hata shilingi. Ugiriki ilipoteza takriban robo ya pato lake hivyo, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 27.

Sasa mleteni kamishna wa Jumuiya wa kusimamia vigezo hivyo Nairobi ya Juni 2024, wakati vijana wamejaa barabarani kupinga muswada wa fedha, awaambie nakisi bado ni kubwa, ongezeni kodi. Nasubiri kuona atashukia uwanja gani wa ndege.

Wanaosema "mbona zamani tulikuwa na shilingi moja" wakumbuke ilisimamiwa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa London mwaka 1919, na mkoloni hakuwa na haja ya kuuliza Kampala inaonaje. Nchi zilipopata mabunge yao haikudumu: 1965 zikatangaza kuachana, 1966 kila moja ikafungua benki kuu yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mfanyabiashara wa mpakani, Namanga, Busia au Mutukula, anakatwa kila anapobadilisha pesa. Ila dawa yake ipo na ni ndogo: mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki, EAPS, una zaidi ya miaka kumi, unalipa kwa sarafu zetu wenyewe bila kuzungukia dola. Usambazwe, ushushwe bei, ufike hadi kwa muuza nyanya.

Nani atalipa, basi? Ndani ya Jumuiya hii zimo nchi zenye malimbikizo ya michango ya kuendesha ofisi za Arusha. Ni dola milioni chache tu kwa mwaka. Hizo ndizo tunazitegemea ziokoe benki za jirani.