Kiti cha mhariri, kutoka Sahifa hadi Sauti ya Haki

Mtaje Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mbele ya watu wa Mombasa, na wengi watakwambia alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ni kweli, alikishika cheo hicho tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Lakini mimi naamini kazi yake kubwa zaidi aliifanya kabla ya hapo, alipokuwa mhariri, na inaniuma kwamba ndiyo tunayoikumbuka kidogo.

Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, kijarida cha Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani aliweza kukisoma hata kama hakuwahi kukanyaga skuli ya serikali. Humo sheikh aliwasema watu wake bila kuwaonea haya: gharama za harusi na matanga zinazomwacha mtu na madeni, kuwaiga Wazungu kwa yasiyo na faida, watoto wa kike kunyimwa elimu. Baadaye baadhi ya makala hizo zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Ukikisoma leo utaona hasira yake ni ya mzazi, si ya hakimu. Mwaka 1932 akaja na Al-Islah, gazeti la Kiswahili na Kiarabu.

Mfano wake ulitoka Kairo. Huko Rashid Rida, mfuasi wa Muhammad Abduh, mwanazuoni wa Misri aliyepigania mageuzi ya dini, alianzisha jarida la Al-Manar mwaka 1898 na akaliongoza mpaka kufa kwake 1935, akijibu maswali ya wasomaji kutoka mbali kama Java. Alipoondoka, gazeti likasimama. Hassan al-Banna, mwanzilishi wa chama cha Ikhwan (Udugu wa Kiislamu) cha Misri, alijaribu kulifufua mwishoni mwa miaka ya 1930, likatoa matoleo machache tu.

Al-Islah nalo halikudumu, lilitoka kwa kama mwaka mmoja hivi. Mhariri alikuwa amekwisha kupewa ukadhi wa Mombasa, na mtu mmoja hawezi kukata kesi za mirathi na talaka mchana, kisha usiku aandike gazeti zima. Simlaumu sheikh hata kidogo. Ninaowalaumu ni jamii iliyomzunguka, iliyokuwa na matajiri na wasomi, na haikumpa mtu wa kukaa naye mezani akajifunza uhariri. Darasa za msikitini zilikuwa na wanafunzi. Gazeti halikuwa na hata mmoja aliyeandaliwa kulirithi.

Wanafunzi wake wenyewe wanathibitisha kwamba vipaji havikukosekana. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy walisoma kwake, na wote wawili walikuja kuwa Kadhi Mkuu, mmoja baada ya mwingine. Farsy alitupa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka kamili mwaka 1969. Muhammad Kasim, baada ya kutoka kwenye ukadhi, ndiye aliyerudi kwenye uhariri: mwaka 1972 alianzisha Sauti ya Haki. Hesabu mwenyewe, ni miaka arobaini tangu Al-Islah! Kizazi kizima kilikua bila jarida la namna hiyo.

Wapo wasiopenda Sauti ya Haki kwa ukali wake juu ya bidaa, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, na nawaelewa, maana maneno yake yaligusa mambo ambayo familia nyingi za pwani zinayaenzi. Hata hivyo naliheshimu kwa sababu lilibishana kwa maandishi, mbele ya wote, kwa Kiswahili, ambapo msomaji wa kawaida aliweza kupima hoja na kukataa akitaka. Ubishi wa barazani huisha watu wakitawanyika. Ule wa karatasini unabaki na jina la aliyeusema. Muhammad Kasim alifariki 1982.

Kwa hiyo wale wanaoanzisha majarida ya dini leo, misikitini na makanisani, nawaomba jambo moja kabla ya kutafuta mchapaji: mteueni mhariri msaidizi, mlipeni, mpeni safu yake tangu toleo la kwanza. Na wenye nakala za Sahifa, Al-Islah au Sauti ya Haki kwenye masanduku ya babu zao, Mombasa, Lamu, Unguja au Muscat, waruhusu zipigwe picha zote, hata zilizochanika, wakati bado zinasomeka.