Tusiipuuze njia fupi ya kurukia ndege ya Port Reitz

Manahodha wa Mombasa waliugawa mwaka kwa pepo mbili: kaskazi, Desemba hadi Machi, na kusi, Aprili hadi Septemba. Majahazi yamepungua, lakini pepo hizo bado ndizo zinazoamrisha pale Port Reitz, kwenye uwanja wa ndege wa Moi.

Njia kuu ya kurukia, yenye mita 3,350, huitwa 03/21: ukiifuata upande mmoja unaelekea kama digrii 30 za dira, ukigeuka unaelekea kama 210. Ndege hutua na kupaa ikiukabili upepo. Kaskazi ikivuma hutumika 03, kusi ikishika hutumika 21.

Ila kusi ina tabia ya kuegemea mashariki. Chukua upepo wa noti 20, kama kilomita 37 kwa saa, unaotoka digrii 150. Kwa ndege inayotua 21, tofauti ni digrii 60. Zidisha 20 kwa 0.87, ambayo ni sine ya digrii 60, unapata noti 17 za upepo wa ubavuni. Jeti kubwa huuvumilia. Cessna 172 ilithibitishwa na watengenezaji wake kwa noti 15 tu. Rubani akilazimisha, bawa la upande wa upepo hunyanyuka, au magurudumu hugusa lami ndege ikiwa imekaa upande, na hapo ndipo miguu ya ndege huvunjika.

Sasa itazame njia ya pili, 15/33. Imelala karibu na digrii 150, kwa hiyo upepo ule ule unakuwa karibu wote wa mbele. Haifiki nusu ya urefu wa ile kuu na jeti kubwa haziiwezi, lakini kwa ndege ndogo kusi inapochachamaa ndiyo kimbilio. Ndiyo maana nakataa kabisa kuiona kama masalio ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, Port Reitz ilipokuwa na ndege za kivita za Waingereza.

Lami isiyotumika sana huharibika kimyakimya. Nyasi huota kwenye nyufa, maji hupenya chini, tabaka la juu huachia kokoto, na kokoto moja yatosha kung'oa kipande cha rafadha, yaani panga linalozunguka kuivuta ndege. Nyufa zisafishwe, zikauke, ndipo zimiminwe lami ya moto. Kazi hiyo ifanywe Februari, jua likiwa kali na kaskazi bado inaitosheleza njia ya 03, kabla mvua za masika hazijashuka.