Msitupandie Miti Juu ya Sumu

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp imeingia picha: watu wamevaa fulana mpya, majembe hayana hata tope, wanapanda miche kwenye kiwanja kilichokuwa kikivunjiwa betri kuukuu za magari. Chini pameandikwa, "Ardhi yetu imepona." Imepona! Miche yenyewe bado imo ndani ya viriba.

Nikauliza kama udongo umepimwa. Jibu nililopata ni Haller Park. Mombasa hii ukigusa mazingira tu, lazima utajiwe Haller Park. Haya, ile kazi siibezi. Tangu 1971 René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mwamba mtupu, mivinje ilikubali, jongoo wakaletwa watafune majani yake, mboji ikajijenga, na leo twiga wanatembea pale. Lakini Bamburi shida ilikuwa udongo haupo. Huku udongo upo, na wenyewe ndio sumu. Risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, haiozi, na hakuna jongoo wa kuimaliza. Inaganda kwenye tabaka la juu, palepale watoto wanapochezea.

Mwangalieni mama wa Kipwani alfajiri, ameinama na ufagio wa makuti, uwanja unang'aa. Kwenye ardhi ya namna hii usafi wake ndio unaotimua vumbi, likatua kwenye sufuria na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Mtoto naye vidole anavipeleka wapi? Mdomoni. Mtamweleza mama huyo kwamba mmempandia mwarobaini?

Owino Uhuru, pale Mikindani, wanajua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa humohumo na mwanawe akadhurika, alipigana hadi akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitoke milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miezi minne hiyo, jamani, ilihesabiwa kwa kalenda gani? Kiwanda kufungwa hadi neno la mwisho la majaji ni miaka kumi, na risasi haikungoja mawakili wamalize.

Na msiniambie kusafisha haiwezekani. Thiaroye, pembeni ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 kwa sababu ya hizihizi betri. Pale udongo ulichotwa ukaondolewa. Kazi ndiyo hiyo: chimba tabaka la juu, lipeleke lisikomfikia mtu, mwaga udongo safi, shindilia. Ghali? Ghali sana. Wa kulipa ni aliyechafua na aliyempa leseni, si chama cha kina mama.

Nyasi nene zinazuia vumbi kidogo, hilo nalikubali kwa shingo upande. Zipandwe, lakini baada ya vipimo, na majibu yabandikwe getini kila mtu ayasome.

Halafu kuna ndugu mmoja kundini amependekeza tuweke bustani ya mchicha hapo "vijana wapate riziki." Wazo zuri, kaka. Fungu la kwanza lipelekwe kwako, ule na wanao.