Ukibadilisha nguo, uliyovua haichomwi moto

Wiki iliyopita tumepoteza picha za arobaini ya bibi. Hakuna aliyeziiba, na kompyuta ni nzima. Mpwa wangu alibonyeza kitufe cha kubadilisha, basi.

Siku ya shughuli tulikuwa na kamera mbili za aina moja, yangu na ya kuazima. Picha za ile ya kuazima tulizihamishia kwenye kompyuta mapema, tukairudisha kwa mwenyewe. Jumamosi mpwa wangu akachomeka kadi yangu ili zote zikae folda moja. Nikiwa jikoni nikamsikia: "Mjomba, inasema kuna faili zina majina hayahaya. Nibadilishe?" Nikadhani ni zilezile zinajirudia. "Badilisha tu, mama."

Kamera haijui harusi wala msiba. Inahesabu tu, IMG_0001 hadi 9999, kisha inaanza upya. Mbili zikihesabu, majina yatagongana. Majina kufanana si ushahidi kwamba picha ni moja, na aliyetengeneza kidirisha kile kilichouliza analijua hilo kuliko mtoto wa miaka 13.

Nilikimbilia pipa la taka la kompyuta. Tupu. Hapo ndipo roho iliponiuma, na bado inaniuma. Ukifuta faili kwa kutaka mwenyewe, kompyuta inakuwekea pembeni usije ukajuta. Pipa hilo lipo kwenye Mac, kompyuta za Apple, tangu 1984, kwenye Windows tangu 1995. Lakini ukikubali kubadilisha, faili ya mwanzo inafutwa vilevile, tena bila kupitia pipani, na ukibonyeza kitufe cha kutengua hairudi. Aliyekusudia kufuta anapewa nafasi ya pili. Aliyepitiwa ananyimwa. Kwa nini? Faili iliyofunikwa ni faili iliyofutwa, nayo iende pipani kama wenzake. Hilo tu ndilo ninalodai, na ningelidai hata kama ni picha ya mbuzi.

Halafu neno lenyewe. Mpwa wangu alisoma Kiingereza akanitafsiria neno moja, "badilisha", na neno hilo kwangu halitishi. Nikibadilisha nguo, niliyovua inabaki kwenye kamba. Nikibadilisha noti ya 10,000 dukani, mwenye duka haichani. Kitufe kingeandikwa kinachotendeka, "Futa picha iliyopo, weka hii", yule mtoto asingebonyeza. Angeniita nije nione.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mambo yamesogea. Katika Windows XP ya 2001, "Ndiyo kwa zote" ilikuwa mbele ya macho, ila "Hapana kwa zote" ilibidi ushikilie kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Hapana". Nani angeijua? Windows Vista iliyofuata ikaleta chaguo la kubaki na faili zote mbili, limeandikwa wazi, na vijipicha vyake juu. Kisha Windows 8, mwaka 2012, ikalirudisha ndani: kwanza unaona kubadilisha, kuruka, au kuamua moja moja, na ukitaka zote mbili sharti uingie huko ukatie tiki pande zote. Chaguo lisilomuumiza mtu ndilo lililopelekwa chumba cha ndani.



Najua kwenye Windows flashi kwa kawaida haina pipa hata ukifuta mwenyewe, na nafasi ni finyu. Sawa. Basi hapo kidirisha kiseme kwamba faili hii haitarudi, na kionyeshe picha zote mbili, kubwa, ubavu kwa ubavu. Macho yangemwambia mpwa wangu kile ambacho majina na tarehe hazikumwambia.

IMG_0087 sasa ni masufuria ya pilau. Chini ya jina hilohilo alikuwepo bibi mdogo, amekaa mkekani, kanga ya marehemu dada yake imekunjwa mapajani. Nimempigia mwenye kamera. Kadi ameshaisafisha na ameshapigia harusi mbili. Mpwa wangu hataki tena kushika kompyuta. Jana nimemkuta na daftari, anaandika majina ya wote anaokumbuka kwamba walikaa pale mkekani. Amefika kumi na moja.