Saratani iliyofika kwenye ini: alama tano zisimfungie mgonjwa mlango

Mtu mwenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ini akiambiwa atapasuliwa kwa matundu madogo, moyo wake huuliza jambo moja: nitaishi miaka mingapi? Udogo wa kidonda haujibu swali hilo.

Utafiti wa OSLO-COMET nchini Norway uliwagawa wagonjwa 280 kwa bahati nasibu: matundu madogo au tumbo wazi. Matatizo baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 19 ya waliofanyiwa kwa matundu na 31 ya waliofunguliwa tumbo. Nafuu hiyo ni kubwa. Lakini miaka 5 baadaye waliokadiriwa kuwa hai walikuwa asilimia 54 na 55, yaani sawasawa. Bahati nasibu ndiyo inayonifanya niuamini, kwani kwa kawaida matundu hupewa wenye uvimbe mdogo ulio mahali rahisi, kisha njia ikapewa sifa ambayo ni ya ugonjwa mwepesi. Hata hivyo, waliohitaji kukatwa sehemu kubwa ya ini hawakuingizwa.

Basi utabiri tuutafute kwenye saratani yenyewe. Mwaka 1999 daktari wa upasuaji Yuman Fong na wenzake wa New York walichambua wagonjwa 1,001, wakatoa alama moja kwa kila dalili mbaya: tezi za limfu za utumbo kuwa na saratani, saratani kuonekana kwenye ini ndani ya miezi 12 tangu ile ya utumbo, uvimbe zaidi ya mmoja, uvimbe unaozidi sentimita 5, na CEA ya damu (protini ambayo saratani hii mara nyingi huiongeza) kupita nanogramu 200 kwa mililita.

Kipimo hiki kina faida. Mwenye alama nyingi apangiwe dawa mapema na afuatiliwe kwa karibu. Ila tazama waliokuwa hai baada ya miaka 5: alama 0, asilimia 60, alama 3, asilimia 20, alama 4, asilimia 25, alama 5, asilimia 14. Wenye 4 waliwapita wenye 3! Na wote walipasuliwa kati ya 1985 na 1998, kabla ya dawa nyingi za leo, na kabla mabadiliko ya jeni za RAS ndani ya saratani, ambayo huashiria hatari zaidi, hayajaanza kupimwa kwa kawaida.

Ndiyo maana napinga kumnyima mtu upasuaji kwa jumla ya alama pekee. Ikiwa uvimbe wote unaondoleka na ini litakalobaki linatosha, hata asilimia 14 ni watu walio hai, na mgonjwa ana haki ya kuisikia namba hiyo kabla hajaamuliwa.