Kumpa msanii mwenzako kazi yako aibadilishe

Wasanii wanapobadilishana michoro, kila mmoja akaongeza, akakata au akafuta kilichochorwa na mwenzake, hukumu hutoka haraka: hawa hawathamini kazi. Naona hukumu hiyo imekosea, na mfano unaonipa uhakika ni wa mwaka 1953, Robert Rauschenberg, msanii wa Marekani aliyekuwa bado kijana, alipomwomba Willem de Kooning, mchoraji aliyekwisha kupata sifa, mchoro ili aufute.

De Kooning hakulipenda wazo hilo, lakini alikubali. Angeweza kumpa karatasi yoyote ya kutupwa. Badala yake alitafuta mchoro ambao yeye mwenyewe angesikitika kuukosa, tena wenye alama zilizokolea, ili ufutaji usiwe rahisi. Hapo ndipo wakosoaji wengi hupapita mbio. Asiyejali kazi yake hachagui hivyo. Naye Rauschenberg, aliyehangaika na karatasi ile kwa wiki kadhaa, alilazimika kuufuata kila mstari kwa mkono wake. Ni watazamaji wangapi wamewahi kuukaribia mchoro kiasi hicho? Na haukwisha wote: alama hafifu zingali zinaonekana, na karatasi hiyo leo imo katika jumba la sanaa za kisasa la San Francisco.

Upande wa pili una hoja nzito. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu marekebisho ya mwaka 1928, unampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata kama ameshauza hakimiliki. Ni kinga njema, nami nisingetaka ilegezwe. Ila humlinda anayepinga. Aliyetoa mchoro kwa hiari hajadhulumiwa.

Linalonisumbua zaidi ni ukubwa wa majina. Andy Warhol, msanii aliyekwisha kuwa maarufu sana, na Jean-Michel Basquiat, mchoraji kijana, walipoonyesha pamoja turubai zao New York mwaka 1985, mhakiki mmoja alimwona Basquiat kama pambo la Warhol tu. Ilikuwa dhuluma, kwa sababu kwenye turubai zile Basquiat ndiye mara nyingi aliyepaka juu ya nembo za makampuni alizotangulia kuchora Warhol, akazifunika na kuzivuruga apendavyo. Lakini aibu ile ilimwangukia mdogo, si mkubwa, na urafiki wao ukapoa.

Ndiyo maana naupenda zaidi mwendo wa msanii mkongwe Louise Bourgeois na mwenzake mdogo kwa umri, Tracey Emin. Bourgeois, akiwa karibu na miaka 100, alichora kwa rangi viwiliwili vya watu kwenye karatasi, akampa Emin aviendeleze. Emin alizunguka nazo karatasi hizo kwa muda mrefu, akiogopa kuzigusa, kabla ya kuanza kuchora. Kazi 16 zilizotokana na hapo zina majina yao wote wawili. Mchoro wa De Kooning, kwa upande wake, una jina la Rauschenberg peke yake kama msanii, na kwa hilo wanaolalamika nawaunga mkono.